Utando wa Dhahabu Juu ya Giemsa

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipangiwa hospitali ya wilaya kusini mwa Tanzania. Mezani kwangu palikuwa na chupa ya kahawia ya Giemsa, rangi ya kupakia damu ili vimelea vionekane, darubini mbili, sinki lenye madoa ya buluu yasiyotoka kwa dawa yoyote, na foleni ya slaidi za malaria ambayo masika yalipoanza haikuisha. Nilitoka chuoni nikiamini kwamba rangi ni rangi tu: unaipima, unaichanganya na maji, unaimwagia slaidi, unasubiri dakika zako. Slaidi mbili za watoto ndizo zilizonitoa katika imani hiyo.

Siku za wagonjwa wengi tulikuwa tunachanganya rangi saa mbili asubuhi, chombo kizima, itutoshe mpaka jioni. Tuliikuta maabara ikifanya hivyo, nasi tukaendelea. Slaidi za asubuhi zilipendeza: viini vya chembe nyeupe vilikolea zambarau, na kimelea, kama kipo, kilionyesha utepe wake wa buluu hafifu na kitone chekundu pembeni. Kufikia saa tisa alasiri slaidi zilizotoka kwenye chombo kile kile zilikuwa na vumbi la vitone vyeusi vyeusi vya zambarau, vingine vimejikusanya, vingine vimetawanyika juu ya damu. Jicho lililochoka, tena la mgeni wa kazi, huona katika vitone vile anachokitafuta. Niliandika majibu ya watoto wawili kwamba wana vimelea.

Slaidi zetu zilipokwenda kuhakikiwa, hizo mbili zilirudi zikiwa hasi. Mtoto mmoja alikuwa ameanzishiwa dawa mseto, akarudi siku ya tatu anahema kwa shida. Ilikuwa nimonia. Alilazwa, akapona, nashukuru Mungu, lakini siku tatu zile nilimwibia mimi.

Katika maabara yetu alikuwapo mama mmoja aliyebakiza miaka michache astaafu, sote tukimwita Mama Maabara. Hakunigombeza. Alichukua chombo changu cha alasiri akakipeleka dirishani, akakiinamisha kidogo kidogo mpaka mwanga ukapiga juu ya rangi.

"Mwanangu, njoo utazame. Unaona nini?"

Nikatazama. Juu ya ile buluu nzito palikuwa na utando mwembamba, unang'aa dhahabu na kijani, kama mafuta ya taa yaliyomwagika kwenye dimbwi la maji ya mvua.

"Rangi hii umeichanganya saa ngapi?"

"Saa mbili, mama."

"Basi ilishakufa zamani. Wewe unapaka maiti."

Akatumbukiza slaidi tupu, isiyo na damu, akaivuta juu taratibu. Ilipotoka ilikuwa imevaa ule utando upande mzima. Akaisuuza, akaikausha, akaiweka chini ya lenzi ya mafuta, akanipisha kitini. Vitone vile vile! Slaidi haikuwa na damu ya mtu yeyote, na mimi ningeweza kuiandikia majibu.

Siku hiyo alinifundisha mambo mawili ambayo sijayaacha. La kwanza, kitone cha rangi hakikai usawa mmoja na chembe za damu. Ukizungusha skrubu ndogo ya darubini, kimelea huonekana vizuri pamoja na damu inayokizunguka, ilhali takataka ya rangi huonekana vizuri damu ikiwa imeshafifia, kwa kuwa imelala juu yake, tena humeta. La pili, slaidi haivutwi kutoka kwenye rangi, wala rangi haimwagwi kwanza ndipo uoshe. Unaiacha slaidi ikiwa imelala kwenye kichanja, unatiririsha maji polepole pembeni, utando unaelea na kuondoka na maji. Ukiinamisha slaidi kabla utando haujaelea na kuondoka, wote unashuka na kukaa juu ya damu ya mgonjwa.

Nilimuuliza kwa nini rangi hufa. Akasema, "Ikishaonja maji, haina siku nyingi." Alijua hivyo kwa miaka thelathini ya kuitumia. Mimi sababu niliipata baadaye, na nilipoipata nilimheshimu zaidi, maana sentensi yake ilikuwa na kemia nzima ndani yake.

Giemsa inabeba jina la Gustav Giemsa, mkemia wa Hamburg aliyeichapisha mwaka 1904. Kabla yake, mwaka 1891, Romanowsky kule Urusi alikuwa ameonyesha kwamba ukichanganya rangi mbili, methilini buluu na eosini iliyo nyekundu, unapata zambarau kwenye kiini cha kimelea, rangi ambayo hakuna kati ya hizo mbili inayoitoa ikiwa peke yake. Tatizo la mchanganyiko wa Romanowsky lilikuwa hilo hilo langu la saa tisa: haukudumu. Buluu ile ina chaji chanya, eosini ina chaji hasi, zikikutana ndani ya maji zinashikana na kuzama. Giemsa aliziyeyusha ndani ya methanoli na gliseroli, vimiminika vya jamii ya alkoholi, mahali ambapo zinaweza kukaa pamoja miezi na miaka bila kugandana. Mpaka leo tunaitengeneza hivyo: gramu 3.8 za unga, mililita 250 za gliseroli, mililita 250 za methanoli, na shanga za kioo ndani ya chupa za kuusaga unga kila unapotikisa.

Lakini rangi ikiwa ndani ya chupa ile haipaki kitu. Ukiimwaga juu ya damu bila maji hupati zambarau ya kusomea. Mpaka uizimue kwa maji ndipo inaanza kazi, na dakika ile ile inayoanza kazi ndiyo inayoanza kugandana. Maji yanaifungua na maji yanaimaliza. Kazi yote ya fundi wa maabara iko katika muda ulio katikati ya hayo mawili, na muda huo hurefuka au hufupika kutegemea maji ni ya namna gani, yana chumvi kiasi gani, yana joto gani, na rangi ni nzito kiasi gani. Nimejifunza kila moja kwa kuharibu slaidi.

Tuanze na maji. Wakati mmoja maji yaliyokenekwa yalituishia, mwenzetu akaenda dukani akanunua maji ya betri. Kwa fikra alikuwa sahihi, maana hayo nayo huuzwa kama maji yaliyokenekwa. Tukazimua rangi kwa maji hayo bila bafa, yaani chumvi za kushikilia kiwango cha asidi. Slaidi zilitoka nyekundu nyekundu, viini vya chembe nyeupe vimepauka, na ukitafuta kimelea unatafuta kivuli. Tulipochovya karatasi ya pH, ya kupima uasidi, ilionyesha asidi. Katika asidi eosini hutawala na buluu hushindwa kushika. Kwa malaria tunataka pH 7.2, ambapo buluu inashika vizuri hata madoa madogo ndani ya chembe nyekundu yanayotusaidia kuwatambua vivax na ovale, aina mbili za vimelea vya malaria. Maji ya kisima chetu yalikuwa na kosa la upande wa pili, yana chokaa, kila kitu kinakuwa buluu kama anga la jioni. Bafa si pambo la kitabuni. Ni gramu 0.7 za fosfeti ya potasiamu yenye haidrojeni mbili na gramu 1 ya fosfeti ya sodiamu yenye haidrojeni moja katika lita ya maji, na bila hizo unabahatisha.

Halafu chumvi. Siku nyingine kijana wa mafunzo aliweka vidonge vya bafa vya lita nzima ndani ya mililita 100. pH ilikuwa sawa kabisa, nilipima mwenyewe mara mbili nikashindwa kuelewa. Rangi kwenye slaidi ilikuwa hafifu, na chini ya chombo palikuwa na tope la buluu ndani ya nusu saa. Wakati ule tulimwaga tu na kuanza upya.

Miaka minne baadaye nilikwenda kusomea shahada, na huko ndipo tope lile lilipopata maelezo. Tulipewa zoezi la kipimamwanga: methilini buluu peke yake, isiyo na eosini, tuizimue hatua kwa hatua, tupime inavyonyonya mwanga, tuchore mstari. Kanuni ya Beer na Lambert inasema ukiongeza rangi mara mbili, mwanga unaonyonywa unaongezeka mara mbili. Mstari wangu ulianza umenyooka, kisha ukapinda kuelekea chini. Nikarudia. Nikaosha kikombe cha kupimia kwa methanoli, kwa sababu rangi hii hung'ang'ania kioo na plastiki, nikarudia tena. Ukapinda pale pale.

Mwalimu alisimama nyuma yangu akasema niache kupima urefu mmoja wa mawimbi, nipige picha yote kutoka nanomita 500 hadi 700. Katika mikromoli 10 kwa lita palikuwa na mlima mmoja mrefu kwenye nanomita 664 na bega dogo ubavuni, karibu na 610. Nikatengeneza mikromoli 100, nikaipima kwenye kikombe chembamba cha milimita moja badala ya kile cha sentimita moja. Mwanga ulikuwa unapita kwenye idadi ile ile ya molekuli, kwa hiyo picha ilipaswa kufanana. Haikufanana. Mlima umeshuka, bega limepanda.

Nililitazama bega lile muda mrefu. Bega hilo lipo hata molekuli ikiwa peke yake, ila molekuli mbili zikibebana hunyonya mwanga hapo hapo, kwa hiyo likipanda ujue pacha zimeongezeka. Molekuli ya methilini buluu ni bapa kama chapati. Ina chaji chanya, kwa hiyo mbili zikikaribiana zinasukumana. Lakini maji yanapenda kushikana yenyewe kwa yenyewe, na ule ubapa hauyapi mahali pazuri pa kushika, basi yanausukuma uegemee ubapa mwingine. Zikiwa chache, ni nadra kukutana. Zikiwa nyingi, zinapangana kama sinia stoo. Rabinowitch na Epstein waliliandika jambo hili kwa methilini buluu na rangi ndugu yake, thionini, mwaka 1941, kwa vipimo vya mwanga kama hivyo hivyo vyetu.

Nikamwomba mwalimu ruhusa nibaki baada ya muda wa zoezi, akaniachia chumba. Nilitaka kuona chumvi. Nikatia chumvi ya kawaida ya maabara kwenye ile ya mikromoli 100, bega likapanda zaidi. Nikakumbuka vidonge vya bafa vya yule kijana. Ioni za chumvi zinaizingira ile chaji chanya na kuifunika, molekuli zinaacha kuogopana, zinabebana. Juu ya hapo, kwenye slaidi, ioni hizo hizo zinagombea nafasi na rangi mahali pa kushika kwenye chembe. Ndiyo maana slaidi zilipauka wakati chombo kinajaa tope. Nilikaa kitini nikasema peke yangu, kumbe!

Nikatia ethanoli kwenye kikombe kingine. Bega likashuka, mlima ukasimama. Alkoholi haina ule ukali wa maji wa kusukuma bapa kwa bapa, kwa hiyo kila molekuli inajitegemea. Hapo chupa ya Giemsa ikanifungukia. Methanoli na gliseroli zinafanya kazi ya kuwatenganisha, na ukiingiza tone moja la maji ndani ya chupa umeanza kuwaunganisha kabla ya siku yao. Mama Maabara alikuwa mkali kwa jambo moja tu duniani: pipeti yenye unyevu kuingia kwenye chupa mama. Alikuwa anamimina kiasi kidogo kwenye kichupa cha kutumia siku hiyo, na kilichobaki hakirudi. Pwani, ambako hewa yenyewe ina maji, kifuniko kikilegea methanoli inavuta unyevu bila mtu kugusa.

Joto nalo nililijaribu. Nilipasha kikombe hadi kama nyuzi 60, bega likashuka. Kikapoa, likarudi. Jambo hilo lilinifaa nilipohamishiwa Njombe. Asubuhi za Juni huko bafa iliyolala karibu na dirisha inashikika kama maji ya mtoni, na rangi ukiizimua nayo inapaka kwa uvivu na kuweka utando mapema. Tukawa tunaitoa bafa mapema ikae chumbani ipate joto la kawaida kabla ya kuzimulia. Hakuna mashine iliyohitajika, ni kuwahi kazini tu.

Cha mwisho nilichojaribu jioni ile ni sabuni, aina ya sodiamu dodesili salfeti, yenye chaji hasi. Nilidhani sabuni itawatawanya. Kiasi kidogo kilifanya kinyume: bega likapanda, kwa sababu mkia wa sabuni na ile chaji hasi vinawavuta watu wa chaji chanya kwenye kundi moja. Nilipoongeza hadi ikapita kama milimoli 8 kwa lita, sabuni ikaunda vifundo vyake yenyewe, na kila molekuli ya rangi ikapata pa kujihifadhi ndani yake. Mlima ukarudi. Kitu kile kile, kiasi tofauti, matokeo yanayopingana.

Nilitoka pale nikifikiria slaidi zetu za kuosha. Hospitalini tulikuwa tunaosha slaidi zilizotumika kwa sabuni ya unga na kuzitumia tena, na siku za haraka tulizisuuza mara moja. Sabuni inayobaki kwenye kioo ni ile kidogo kidogo, ile inayokusanya. Nani angedhani madoa mengine ya zambarau yalianzia kwenye beseni la kuoshea? Niliporudi kazini jambo la kwanza nililobadilisha ni hilo: maji ya kutiririka mpaka utelezi uishe kabisa, kisha maji yaliyokenekwa, kisha kufuta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi.

Kuna jambo lingine ninalipenda katika habari hii, hata kama halihusu utando. Methilini buluu ilitengenezwa na Heinrich Caro mwaka 1876 kwa ajili ya viwanda vya nguo. Mwaka 1891 Paul Ehrlich na Paul Guttmann, mjini Berlin, waliwapa wagonjwa wawili wa malaria dawa hiyo hiyo ya buluu wanywe, kwa hoja kwamba kinachong'ang'ania kimelea chini ya darubini huenda kikamdhuru ndani ya mtu. Rangi ya kitambaa ikawa jicho letu, ikawa na dawa. Kila ninapofungua chupa ile ya kahawia nakumbuka hilo, na huwasimulia vijana wa mafunzo, kwa sababu naona wanaishika chupa tofauti baada ya kusikia.

Sasa ninasimamia meza, na kipimo cha haraka kimepunguza foleni ya darubini, ingawa hakikuiondoa. Mgonjwa wa malaria kali bado anahitaji kuhesabiwa vimelea, na aliyekwisha kunywa dawa bado anahitaji slaidi, maana kipimo cha haraka kinaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya kupona. Kwa hiyo rangi lazima iwe sawa. Hatuchanganyi tena chombo kizima. Tunahesabu slaidi zilizo tayari zimekauka, tunachanganya kwa ajili ya hizo: mililita moja ya bafa, matone matatu ya rangi, asilimia 10, dakika 10 hivi tukitazama saa ya ukutani. Slaidi zisizo na haraka zinapata asilimia 3 kwa dakika 30 hadi 45, na hizo ndizo nzuri kuliko zote, kwa kuwa rangi nyepesi haina watu wengi wa kubebana. Bafa inapimwa pH kila asubuhi na namba inaandikwa kwenye daftari. Kila kundi la slaidi linakwenda na slaidi moja tupu, kama ile aliyoitumbukiza Mama Maabara, na inasomwa kwanza.

Mtunza stoo alikuja kuniuliza mwaka jana kwa nini chupa zetu za Giemsa sasa zinakaa muda mrefu kuliko zamani, akidhani tumepunguza vipimo. Nilimwonyesha daftari: vipimo vilikuwa vile vile. Ila kile tulichokuwa tunakimwaga sinki kila jioni, nusu chombo chenye utando wa dhahabu juu, hakikuwepo tena.